Kiberenge cha Watu Wawili

Treni ya kutoka Tabora ilikuwa na behewa moja tu la abiria wa daraja la tatu, na hilo ndilo lililomtia Mihayo wazimu. Zamani, kabla bei ya pamba haijaanguka na wakubwa wa reli hawajaanza kubana kila kitu, yalikuwa mawili, mara nyingine matatu. Sasa mabehewa mengine yote yalikuwa ya mizigo, yamefungwa na kutiwa lakiri, na hilo moja la watu halikuwa na hata ukuta wa kati. Mabenchi ya mbao huku na huku, mlango mmoja mbele, mmoja nyuma, na paa moja juu ya wote. Mihayo alikuwa amesimama kwenye stesheni ya Shinyanga, jua la alasiri linamchoma utosi, na upande wa pili wa lundo la magunia ya pamba alikuwa amesimama mama mkwe wake, kampa mgongo, kajifunika kaniki mpaka puani.

Nani asiyejua mambo ya wakwe katika Usukuma wa siku zile? Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawakai chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Si uadui hata kidogo. Ni heshima, tena heshima kubwa kiasi cha kumchosha mtu. Kijijini Mihayo hakuwa na neno nayo, kwa sababu kijijini nafasi ya kukimbilia haikosekani. Lakini nani aliyewaambia watengenezaji wa mabehewa kwamba watu wana wakwe?

Mihayo alikuwa mfanyakazi wa genge la reli, kambi ya Igumo, kaskazini ya Shinyanga, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa mtu wa miguu. Kazi yake ilikuwa kukaza misumari ya mataruma, kushindilia kokoto, na kutukanwa na mnyapara. Huko kambini alimwacha mkewe, Limi, tumbo limeshuka, siku zozote anajifungua. Na hii haikuwa mimba ya kwanza. Kwa ile ya kwanza alijifungua hapo hapo kambini, mtoto akatoka kimya, rangi imembadilika, na wanawake waliokuwapo wakaishia kushika vichwa na kulia. Mama yake Limi, bibi Nyamizi, alikuwa amepokea nusu ya watoto wa kijiji chake, na wale wanaotoka wamechoka ndio hasa aliowajulia. Aliwapuliza, aliwasugua, aliwageuza chini juu, na wengi walilia.

Kwa hiyo safari hii Limi alimwambia mumewe mara moja tu. "Usiniletee sukari, usiniletee kitambaa. Niletee mama."

Mihayo akaapa kwamba atamleta.

Kufika kijijini na kupeleka ujumbe haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kurudi naye. Tangu kijijini mpaka stesheni bibi Nyamizi alitangulia mbele, Mihayo akifuata nyuma kwa umbali wa ukelele, na walipotaka kusemezana ilibidi waseme na vitu. Mama mkwe alikuwa na kikapu cha mizizi na majani yake, basi alikisemesha hicho. "Ewe kikapu, muulize mtu huyo kama maji ya kunywa yako mbele." Mihayo hakuwa na kikapu, akawa anaisemesha fimbo yake. "Ewe fimbo, sema yako kisimani, hapo kwenye miti." Unaweza kucheka, lakini jaribu wewe kuzozana na fimbo kutwa nzima, huku kichwani mwako kuna mke anayeweza kushikwa na uchungu saa yoyote.

Ndipo wakafika stesheni, wakaliona lile behewa moja.

"Ewe kikapu," bibi Nyamizi alisema kutoka upande wake wa magunia, "mwambie mtu huyo mimi humo siingii kama naye anaingia."

Mihayo alikwenda kwa gadi wa treni, akamwomba apande kwenye behewa la mizigo. Gadi akakataa. Akaomba akae juu ya makaa, karibu na dereva. Gadi akamuuliza kama ana akili timamu. Akaomba basi asimame kwenye ngazi ya nyuma, nje, ajishikilie tu. Gadi hakumjibu hata, akamwacha hapo na kwenda zake na bendera yake ya kijani kwapani.

Aliyemwonea huruma alikuwa Salehe, mchuuzi wa Tabora, Mmanyema mwenye kanzu nyeupe na masanduku ya kandili na visu, aliyekuwa akienda Mwanza na kutoka huko avuke kwenda Geita, ambako watu walikuwa wanasema dhahabu inachimbwa. Salehe alisikiliza kisa chote, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaona uso wa Mihayo, akaacha kucheka.

"Sikiliza, ndugu yangu," alisema. "Mama nitamwingiza mimi, mlango wa mbele, nitamkalisha dirishani, uso nje. Wewe utaingia nyuma, usimame mlangoni, umgeuzie kisogo. Behewa litakuwa limejaa watu. Nani atajua nani mkwe wa nani?"

"Yeye atajua," Mihayo alisema.

"Basi na ajue. Igumo si mbali."

Wakakubaliana hivyo. Salehe alimwongoza bibi Nyamizi kwa maneno laini, shikamoo mama, karibu mama, angalia ngazi mama, mpaka akamweka dirishani. Firimbi ikalia. Mihayo akapiga moyo konde, akapanda nyuma, akasimama kwenye ngazi. Gadi akamkuta hapo. "Ndani!" akafoka, akamsukuma mgongoni, na Mihayo akaangukia katikati ya watu, akajikuta hatua chache tu kutoka kwenye kaniki anayoijua.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mwanamke mmoja mwenye kapu la kuku, ambaye bila shaka aliwajua wote wawili, alifunika mdomo kwa kiganja na kumgusa mwenzake. Mihayo hakuweza kubaki humo. Nasema hakuweza, ingawa leo mtu akisikia atasema angeweza. Alifikiri haraka: Salehe anaijua Igumo, Salehe atamshusha, mimi nitatembea usiku kucha na kesho, potelea mbali. Treni ilikuwa imeanza kusogea. Akapenya hadi mlango wa nyuma, akarukia upande usio na jukwaa, akaangukia magoti kwenye kokoto.

Alijiona mwanamume hasa. Alisimama, akajipangusa, akasubiri mabehewa yapite. Lilipopita la mwisho, na reli ikawa tupu mbele yake, aliona ng'ambo, juu ya jukwaa, mama mmoja amesimama na kikapu, kajifunika kaniki mpaka puani.

Bibi Nyamizi alikuwa amemwona akisukumwa ndani. Naye alikuwa na heshima zake. Alichukua kikapu, akashuka mlango wa mbele bila kumuaga mtu.

Kutoka dirishani Salehe alikuwa anapunga mikono yote miwili na kupiga kelele ambazo hazikusikika. Treni ikapinda, moshi wake ukabaki.

Mihayo aliketi juu ya reli, akashika kichwa. Hakujua amkasirikie nani. Angemkasirikia mama mkwe, lakini mama mkwe kafanya lile lile alilofanya yeye. Angemkasirikia gadi, lakini gadi yuko njiani kuelekea Mwanza. Treni nyingine ya kwenda Mwanza ilikuwa haiji mpaka zipite siku kadhaa. Alichukua kokoto moja akairusha porini kwa nguvu zake zote, na haikumsaidia kitu.

"Ewe kikapu," ilisikika sauti ndogo kutoka jukwaani, "muulize mtu huyo treni imekwenda wapi bila yeye."

Mihayo hakuisemesha fimbo wala hakukijibu kikapu. Alikwenda ofisini kwa Hatibu, karani wa stesheni, mtu wa pwani, mstaarabu, asiyependa makelele. Hatibu aliyasikiliza maneno yake yote bila kumkatiza.

"Kiberenge cha genge lenu kipo bandani," alisema mwishoni. "Kimeshatengenezwa, kinangoja wa kukirudisha. Njia itakuwa wazi kesho asubuhi. Sasa hivi sikupi, giza litawakuta njiani na hakina taa, sitaki maiti. Kesho alfajiri kichukue."

"Bwana, mke wangu anaweza kujifungua leo."

"Nami nakuombea asijifungue leo. Kesho alfajiri."

Labda hukijui kiberenge cha zamani. Ni ubao wenye magurudumu manne ya chuma, na katikati kuna mkono mrefu wa kusukuma, wenye vishikio huku na huku. Watu wawili husimama wakielekeana, huyu akishusha, yule anapandishwa, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Mtu mmoja peke yake akikisukuma kwenye tambarare kitakwenda, ingawa kwa taabu. Kwenye mwinuko hakiendi.

Kwa hiyo Hatibu alimpa mtu, jina lake Ngassa, wa genge la Shinyanga. Jua lilipochomoza walikuwa wameshaondoka, Mihayo na Ngassa wakisukuma, bibi Nyamizi ameketi ukingoni mwa ubao, miguu inaning'inia, mgongo kwao, kikapu mapajani. Mbuga zilikuwa pana na nyeusi pande zote, vichaka vya migunga, ng'ombe kwa mbali. Kwa mara ya kwanza tangu jana Mihayo alihisi roho inatulia. Mama mkwe yupo, njia iko wazi, na hakuna anayemtazama mwenzake.

Walikwenda hivyo mpaka kwenye kibao cheupe kando ya reli. Hapo Ngassa akaachia mkono, akavuta breki, akashuka.

"Vipi?" Mihayo akauliza.

"Kipande chetu kinaishia hapa. Kuanzia hapo ni kipande cha genge lenu."

"Ngassa, ndugu yangu, mwinuko uko pale mbele. Nivushe mwinuko tu, basi."

"Mnyapara wangu akinikuta ng'ambo ya kibao atanikata mshahara. Unamjua yule." Ngassa alikwishaanza kufunga kilemba chake kwa safari ya miguu. "Mungu atawasaidia."

"Mungu atashika mkono wa kiberenge?" Mihayo alimpigia kelele, lakini Ngassa alikuwa anarudi zake, akikanyaga taruma baada ya taruma, wala hakugeuka. Kila mtu nchi hii alikuwa na mpaka wake, na kila mpaka ulimwangukia Mihayo.

Alisukuma peke yake. Tambarare ilimtoa jasho, na mwinuko ulipoanza, kiberenge kilipunguza, kikasimama, kikaanza kurudi nyuma. Alishuka akakizuia kwa jiwe. Akapanda, akajaribu tena, kikarudi tena. Mara ya tatu aliteleza na mkono wa chuma ukampiga kifuani, akakaa chini juu ya kokoto akihema.

"Ewe kikapu," alisema bibi Nyamizi bila kugeuka, "muulize mtu huyo mbona tumesimama."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Mihayo. Alitafuta fimbo yake, akakumbuka ameiacha stesheni. Alitazama jiwe, alitazama reli, hakuona kitu cha kukisemesha. Akaugeukia ule mgongo.

"Mayu," alimwita, kama anavyomwita mama yake mzazi. "Simama. Kamata mkono huo."

Mihayo alikwishaanza kujuta maneno yake. Kisha mama yule aliweka kikapu pembeni, akajiinua taratibu akishika kiuno, akapanda upande wa pili wa mkono. Alikuwa bado amejifunika uso wote.

Wakasukuma. Haikuwa kazi, ilikuwa vurugu. Mihayo akishusha, naye anashusha. Mihayo akiinua, naye anasita. Mkono ukaruka ukamgonga bibi Nyamizi kidevuni, akatoa mlio.

"Mayu, nitazame," Mihayo alisema. "Usiponitazama hatutakwenda pamoja. Limi yuko peke yake. Nitazame."

Kaniki ilishuka mabegani.

Miaka yote hii Mihayo alikuwa hajawahi kuuona uso ule. Ulikuwa uso wa Limi, ila jua lilikuwa limeupitia zaidi. Pua ile ile fupi, mdomo ule ule wa mtu anayetaka kubisha. Alimtazama, naye akatazamwa, na hakuna radi iliyopiga. Alisikia huzuni ambayo hakuitarajia, ya kuwa na mtu huyu katika maisha yake muda wote huo na kumjua kwa kisogo tu.

Wakaanza upya. Na bibi Nyamizi, ambaye alilima na makundi ya wakulima tangu usichana wake, jembe lake likipanda na kushuka sawa na majembe ya wenzake, alikuwa na mikono ya chuma. Akishaupata mwendo hakuupoteza. Alianza kuhesabia mwendo kwa wimbo wa kulimia, pumzi mbili mbili, na Mihayo akamwitikia. Kiberenge kikapanda. Ngassa hakuwahi kusukuma vile, wala hata mnyapara mwenyewe. Walifika kileleni wakihema, na upande wa pili reli ilishuka yenyewe, wakaachia, upepo ukawapiga.

"Umekonda hivi?" bibi Nyamizi alisema, safari hii kwa mtu, si kwa kikapu. "Limi hakupikii?"

"Ananipikia, mayu. Mnyapara ndiye anayenikondesha."

Bibi Nyamizi alicheka. Mihayo alikuwa hajawahi kumsikia akicheka. Kisha Mihayo akamuuliza kile kilichokuwa kinamkereketa tangu jana.

"Mbona ulishuka kwenye treni?"

"Nilikuona umeingia. Ningefanyaje?"

"Mimi niliruka kwa ajili yako. Ili uende."

Bibi Nyamizi aliacha kucheka. Walitazamana, na kila mmoja aliona mwenzake anafikiria jambo lile lile, kwamba treni ilikuwa imefika Igumo jana kabla ya jua kuzama. Walishika mkono wa kiberenge, wakasukuma kwa nguvu hata penye mteremko.

Kambi ya Igumo ilikuwa nyumba sita za mabati kando ya reli, na tangi la maji. Kwa mbali Mihayo alianza kutabasamu licha ya uchovu wake. Alikuwa ameapa, na sasa anatimiza. Alimwona Zuwena, mke wa mnyapara, mama wa Kitabora mwenye roho nzuri ambaye hakujaliwa mtoto, anatoka nyumbani kwa Limi na beseni. Zuwena alikiona kiberenge, akasimama. Hakupiga kigelegele. Alimwaga maji polepole, akaweka beseni chini, akashika tama.

Bibi Nyamizi alielewa kabla ya Mihayo. Aliruka kabla kiberenge hakijasimama sawasawa.

"Alfajiri," Zuwena alisema, machozi yanamtoka. "Wa kiume. Alitoka kimya, mama. Nilimpangusa, nilimfunika, nilimwita. Sikujua lingine la kufanya. Wallahi sikujua."

Zuwena aliwafuata ndani, palipokuwa na giza na joto. Limi alikuwa amelala mkekani, macho wazi, na kando yake palikuwa na kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Bibi Nyamizi alipiga magoti, akakifungua, akakitazama kwa muda mrefu, kidole chake kikapita kwenye pua na mdomo, kikatafuta mahali pa kuanzia na hakikupapata. Akakifunga tena vizuri zaidi ya kilivyokuwa.

"Mama," Limi alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Yule mchuuzi alishuka hapa jana kutuambia. Alisema mmeshuka wote wawili, huyu huku na huyu kule. Sikumsadiki."

Limi alimgeukia mama yake.

"Umekujaje?"

"Na kiberenge," alisema mama yake.

"Nani alisukuma na mume wangu?"

Bibi Nyamizi aliinua uso kumtazama Mihayo, aliyekuwa amesimama mlangoni, chini ya paa lile lile, wala hakuna aliyemfukuza. Mihayo alitaka aseme Ngassa. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Mimi," alisema bibi Nyamizi.

Limi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Jasho lilikuwa limewachirizika wote wawili, vumbi la reli limewashika mpaka kwenye nyusi, na kidevu cha mama yake kilikuwa kimevimba. Aliyaona yote hayo.

"Kumbe mnaweza," alisema.

Kisha akageuka upande wa Zuwena, akamwomba maji.